Chema Chajiuza: Maneno Juu ya Kuonja Divai Nyeupe ya Bei Nafuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sisi tuliopewa na Halmashauri kazi ya kupokea na kupima zabibu zenu tumeombwa kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza historia ya Chama, hesabu zake na majengo yake. Sisi tumechagua jambo lililo dogo kwa sura, walakini kubwa kwa maana, nalo ni kuonja. Twataka kueleza jinsi divai nyeupe ya bei nafuu inavyoonjwa, na kwa nini yampasa mkulima wa zabibu wa Dodoma kuielewa kazi hiyo kabla hajapiga kura juu ya pendekezo lililo mbele yake leo.

Tunajua ya kuwa wengi miongoni mwenu hawanywi kileo, wengine kwa amri ya dini yao, wengine kwa hiari yao wenyewe. Hatukuja kumshawishi mtu anywe. Mwonjaji wa kazi hutazama, hunusa, hutia kidogo kinywani, kisha hutema. Na mambo mawili ya kwanza, kutazama na kunusa, yanaweza kufanywa na kila mtu bila kulowesha midomo. Isitoshe, mkulima asiyekunywa hulipwa kwa zabibu zile zile na kwa mizani ile ile. Haki yake ya kujua kinachotokea baada ya tenga lake kumwagwa si ndogo kuliko ya mwenzake.

Divai tutakayoizungumzia si yetu. Tumechagua ya ugenini kwa kusudi, kwa sababu ni rahisi mtu kuona magugu ya shamba la jirani kuliko ya shamba lake. Ni divai nyeupe iitwayo Petit Chablis, ya Ufaransa, itokanayo na zabibu za aina ya Chardonnay peke yake. Mji wa Chablis uko kiasi cha kilomita 180 kusini-mashariki ya Paris, katika nchi ya baridi, ambako umande wa barafu wa majira ya kuchipua huweza kuunguza machipukizi kwa usiku mmoja. Divai za huko zimepangwa katika daraja nne. Ya chini kabisa ni hiyo Petit Chablis, kisha Chablis, kisha Chablis Premier Cru, na ya juu kabisa ni Chablis Grand Cru, itokayo katika mteremko mmoja tu ulio juu ya mto Serein. Zabibu ni aina moja katika daraja zote. Kinachotofautiana ni mahali, udongo, mwelekeo wa jua, na sheria za kilimo. Tumeichukua ile ya daraja la chini, inayonunuliwa na watu wa kawaida kwa chakula cha jioni.

Ndugu wanachama, historia ya wakulima wa Chablis yafanana na yetu katika mambo mengi. Mwishoni mwa karne ya 19 mizabibu yao iliharibiwa na mdudu wa mizizi aitwaye filoksera. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ikachukua vijana wao. Mwaka 1923, kwa msaada wa Padre Balitran, wakulima walianzisha chama cha ushirika kiitwacho La Chablisienne, ili wasilazimike kuuza kila mtu peke yake kwa bei apendayo mfanya biashara. Hata hivyo shida haikwisha kwa siku moja. Katikati ya miaka ya 1950 mashamba yote ya Chablis yalikuwa yamepungua hata kufikia kiasi cha hekta 500 tu. Leo yamezidi hekta 5,000, na chama hicho hutengeneza karibu robo ya divai yote ya Chablis, kuanzia ile ya bei nafuu hata ile ya daraja la juu. Miaka kumi yetu, basi, ni mwanzo tu. Walakini mwanzo ndio wakati wa kujenga desturi njema, maana samaki mkunje angali mbichi.

Zabibu yenyewe, Chardonnay, ina nasaba ya kustaajabisha. Mwaka 1999 wataalamu wa mimea walichunguza chembe za urithi za mizabibu mingi ya Ufaransa, wakagundua ya kuwa Chardonnay ni mtoto wa wazazi wawili. Mmoja ni Pinot, zabibu iliyoheshimiwa na watawala na watawa. Wa pili ni Gouais Blanc, zabibu ya watu wa chini, iliyodharauliwa kwa karne nyingi na kupandwa katika ardhi isiyotakiwa. Zabibu ambayo leo hulimwa karibu katika kila nchi yenye divai imetoka nusu katika ua wa maskini. Na aseme mtu tena kwamba kitu cha mkulima mdogo hakiwezi kuzaa chema!

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Divai nyeupe isionjwe ikiwa baridi kama barafu. Baridi kali huua harufu, na huficha ila. Nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi zatosha. Maana yake, katika joto letu la Dodoma, chupa itolewe katika jokofu kitambo kidogo kabla ya kufunguliwa. Mwenye kutaka kuuza divai mbovu atakuletea ikiwa imeganda, nawe utasifu ubaridi ukidhani unasifu divai.

Kwanza, tunatazama. Bilauri iwe safi, isiyo na rangi, itiwe divai chini ya nusu, ishikwe mguuni, iinamishwe mbele ya karatasi nyeupe. Petit Chablis changa huwa na rangi ya majani makavu hafifu, pengine yenye kukaribia kijani. Ikiwa imeanza kuwa ya kahawia ilhali ni ya juzi tu, tunashuku kwamba hewa imeiingilia. Ikiwa na ukungu usiotarajiwa, tunauliza swali.

Pili, tunanusa. Tunaizungusha bilauri polepole, kisha tunaleta pua. Katika divai ya namna hii hutarajiwa harufu ya ndimu, ya tufaha bichi, pengine ya maua meupe, na ile harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua, ambayo watu wa Chablis hujivunia sana. Kadhalika tunatafuta ila. Harufu ya siki ni alama ya vijidudu vilivyopata nafasi katika zabibu zilizopasuka au mapipa machafu. Harufu ya tufaha lililopondeka na kulala ni alama ya hewa iliyozidi. Harufu ya karatasi iliyooza ghalani aghalabu hutokana na kizibo kibovu. Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi ni ya dawa ya kuhifadhia iliyozidi kipimo. Hiyo pengine huondoka kwa kuachwa kidogo.

Tatu, tunaonja. Divai kidogo huzungushwa kinywani hata ifike kila upande wa ulimi. Ukali wake hupimwa kwa mate: yakijaa upesi pembeni mwa ulimi, ukali upo. Katika divai nyeupe ukali ndio uti wa mgongo. Usipokuwapo, divai hulala kinywani kama maji ya uvuguvugu. Kisha tunauliza kama kileo kinachoma kooni, kama kuna uchungu, na kama ladha hubaki kwa muda baada ya kutema au hutoweka mara moja. Petit Chablis njema haibaki kwa muda mrefu kama zile za daraja la juu, wala hatuidai ibaki hivyo. Tunachodai ni kwamba iwe safi, iwe changamfu, isitoe uongo.

Hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha. Chardonnay ni zabibu isiyo na harufu kali ya asili. Yenyewe ni kama kitambaa cheupe kinachopokea rangi. Katika nchi ya joto hutoa harufu ya nanasi na tikiti. Ikilazwa katika pipa jipya la mwaloni, hutoa harufu ya vanila na ya mkate uliochomwa. Ikiruhusiwa kugeuza asidi yake kali kuwa ile asidi laini ipatikanayo katika maziwa ya mgando, huweza kunukia siagi. Mtengenezaji wa divai ghali ana nguo nyingi za kuivika zabibu yake. Walakini pipa moja jipya la mwaloni wa Ufaransa, lenye ujazo wa lita 228, hununuliwa kwa bei kubwa. Divai ya bei nafuu haiwezi kulipa gharama hiyo. Kwa hiyo Petit Chablis kwa kawaida hutengenezwa ndani ya matangi ya chuma kisichoshika kutu, na kutiwa chupani mapema. Haina pipa la kujifunikia, wala jina kubwa la kujifunikia. Anayeionja anaonja karibu zabibu tupu.

Basi twasema hivi, nasi twasema kwa uhakika: divai ikiwa ya bei nafuu, ndivyo kazi ya mkulima inavyoonekana zaidi ndani yake. Watu hudhani kinyume. Hudhani kwamba zabibu za hovyo zinafaa divai rahisi, na zabibu njema ziwekwe kwa ajili ya divai ya wakubwa. Huo ni upotovu. Divai ya bei nafuu haina pa kujifichia. Nasi wa Chama hiki, tunaotaka kuuza kwa mwalimu, kwa karani, kwa nyumba ya wageni ya njiani, ndio hasa tusioweza kuvumilia tenga moja bovu.

Pengine mtu atasema: mnunuzi hajui lolote, hutazama bei na karatasi ya chupa tu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, nasi hatutaukana. Mwaka 2008 wataalamu wa California walichapisha uchunguzi ambamo watu waliwekewa divai nyekundu ile ile mara mbili, mara wakiambiwa ni ya dola 10, mara ni ya dola 90. Walipoambiwa ni ghali, waliipenda zaidi. Ulimi, basi, husikiliza sikio. Lakini tutazame upande wa pili. Mwaka 2007, katika mashindano ya divai ya maonyesho ya jimbo hilo hilo la California, waamuzi wasioonyeshwa jina wala bei walichagua Chardonnay bora ya jimbo. Chupa ilipofunuliwa, ilikuwa ni Charles Shaw ya mwaka 2005, iliyouzwa dukani kwa dola 1 na senti 99. Jina lilipofichwa, maskini alikaa kiti cha mbele.

Tusishangilie upesi, maana kisa hicho kina funzo la tatu. Bwana Robert Hodgson, mtengenezaji wa divai na mtaalamu wa hesabu, aliwachunguza waamuzi wa mashindano hayo hayo. Aliwawekea kwa siri divai ya chupa moja mara tatu miongoni mwa bilauri nyingi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, ni kama asilimia 10 tu ya waamuzi walioweza kuipa divai hiyo daraja lile lile kila mara. Wengine waliipandisha na kuishusha, wasijue ni ile ile. Hao hawakuwa wajinga wala wala rushwa. Walikuwa wanadamu, wenye ndimi zinazochoka.

Kwa hiyo tumepata mambo matatu. Bei si ladha. Kuonja pasipo kuona jina humtendea haki mnyonge. Na ulimi wa mtu mmoja, hata akiwa hodari namna gani, haufai kuwa hakimu pekee wa jasho la mwenzake.

Sasa tulete maneno haya nyumbani. Mpaka leo Chama chetu kimelipa kwa uzito peke yake. Mwenye zabibu safi zilizokatwa alfajiri na mwenye zabibu zilizoshinda juani ndani ya viroba hupewa shilingi ile ile kwa kilo. Zote huingia katika tangi moja. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Na hasara ya tangi hugawanywa kwa wote, pamoja na yule aliyeamka usiku. Mjue pia ya kuwa yapo yanayofanywa mashambani kwa ajili ya mizani tu. Yupo anayefungulia maji siku chache kabla ya kuvuna ili vichane vinenepe. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakungoja hata kusifiwa. Anayetia maji shambani na anayetia maji chupani wametofautiana mahali tu.

Hesabu yake ni hii. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia moja ya kileo. Divai ya asilimia 12 yahitaji, basi, kiasi cha gramu 204 katika kila lita. Zabibu zilizokatwa kabla ya wakati, au zilizojazwa maji, hazifiki hapo, na divai yake huwa nyepesi na isiyodumu. Walakini katika nchi ya joto kama yetu liko kosa la upande wa pili: zabibu zikingojwa mno, sukari huzidi na ukali huanguka, nayo divai hupoteza uti wa mgongo tuliousema. Ndiyo sababu hatutaki sukari peke yake itazamwe. Tunataka sukari, ukali, na usafi.

Halmashauri imeleta pendekezo kwamba kuanzia msimu ujao malipo yafuate daraja. Tumesikia manung'uniko, nayo yana haki ya kujibiwa. Wapo wasemao, karani atapata fimbo mpya ya kutupigia. Wapo wasemao, mwenye shamba dogo ataonewa. Hofu hizo si za bure. Mkulima ameonewa na mizani tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo tunaomba pendekezo lisikubaliwe pasipo masharti haya.

Kwanza, bei ya kila daraja itangazwe kabla ya mavuno, si baada yake. Pili, kipimo cha sukari kisahihishwe kwa maji safi kila asubuhi mbele ya watu, na zabibu zipimwe mbele ya mwenyewe. Tatu, matokeo ya kipimo yaandikwe katika stakabadhi pamoja na uzito. Nne, mwanachama asiyeridhika apimiwe mara ya pili na mtu mwingine, papo hapo, bila ada. Tano, divai ya kila tangi ionjwe na watu wasiopungua watano, chupa zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa, kila mmoja akiandika maoni yake kabla ya kusema neno. Na bilauri moja irudiwe kwa siri, ili waonjaji nao wapimwe. Sita, waonjaji wawili kati ya hao wawe wakulima, wachaguliwe na vyama vya msingi. Na hapo sisi wenyewe tutaonjwa kama tunavyoonja.

Mwenye shamba dogo hatapoteza kitu kwa udogo wake. Kipimo hakiulizi ekari. Anayelima nusu eka, akachagua vichane kimoja kimoja, akakata alfajiri, akatumia matenga au kreti badala ya viroba, akafika mizani kabla jua halijawa kali, ndiye atakayenufaika zaidi. Katika malipo ya uzito peke yake, mkubwa humshinda mdogo daima. Katika malipo ya daraja, mdogo ana uwanja wa kushindania.

Ndugu zetu, chupa moja ya divai hutaka zabibu zaidi kidogo ya kilo moja. Kila mmoja wenu anaweza kupakata chupa yake shambani, katika vichane vichache, na kujua kama ni njema au mbovu kabla sisi hatujaigusa. Kuonja kwa kweli kunaanza huko: tafuna punje, tazama mbegu kama imegeuka kahawia, sikiliza ukali na utamu vikipatana. Mkulima aliyejua ladha ya mali yake haambiwi bei na mtu, huulizwa.

Tumetimiza miaka kumi kwa umoja. Na tuitimize ishirini kwa umoja wenye kipimo cha haki, ili siku moja chupa yetu ifunikwe kitambaa mbele ya wageni wasiotujua, nasi tukae kimya bila hofu tukingoja ifunuliwe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

 Ushirika udumu.